Kulala hemani Hifadhi ya Arusha na watoto wadogo: uzoefu wangu

Kama unaishi Moshi au Arusha na una watoto wadogo, usianze na Serengeti. Anza na Hifadhi ya Taifa Arusha. Mwezi wa saba tumelala pale hemani na wanangu, mkubwa ana miaka minane na mdogo minne, na kwa umri wao sioni hifadhi inayowafaa zaidi.

Kwanza ni karibu. Sisi tulitokea Moshi: Boma Ng'ombe, KIA, Kikatiti, ukifika Usa River unakata kulia, na haichukui muda uko geti la Ngongongare. Pesa taslimu hawapokei, unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, na mtoto wa chini ya miaka mitano halipiwi kiingilio. Ukishavuka geti tu unakutana na Serengeti Ndogo, uwanda wenye twiga, pundamilia, ngiri na nyati. Mtoto wa miaka minne hana subira ya kukaa garini saa nne akitafuta chui. Hapa twiga alikuwa anakula mgunga karibu na dirisha letu, ulimi wake mweusi unazunguka katikati ya miiba, na mdogo akawa ananyamaza na kucheka kwa zamu.

Pili, unashuka garini. Ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto kuna sehemu za kusimama na kutazama chini. Huko ndani hakuna mgeni anayeruhusiwa kuteremka, wanyama wameachiwa peke yao. Nenda na darubini, hata ya bei ndogo, maana nyati waliopo chini wanaonekana kama punje za pilipili manga. Maziwa ya Momella nayo kila moja lina rangi yake, na heroe walikuwepo. Matembezi ya kwenda maporomoko ya Tululusia na askari tuliyaacha, miguu ya mdogo isingefika.

Sasa usiku, na hapa ndipo wazazi wajipange. Upo chini ya Mlima Meru, na mwezi wa saba baridi yake si ya kawaida. Soksi mbili, kofia ya sufu, sweta la kulalia. Hema na mifuko ya kulalia tulikodi duka moja mjini, na hao sijaridhika nao hata kidogo. Niliagiza mifuko ya watoto na wakaniahidi kwa simu, lakini waliyofunga kwenye mzigo yote ilikuwa ya watu wazima. Mtoto mdogo kwenye mfuko mkubwa hapati joto: anateleza hadi katikati, na kule miguuni panabaki baridi tupu. Ilibidi tukunje nusu ya chini ya mfuko na kuifunga kwa kanga, kisha tukaweka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo. Hapo ndipo alipolala. Ukikodi, fungua kila mfuko pale pale dukani na vuta kila zipu kabla hujatoa hela.

Beba poti. Usiku mtoto hatoki hemani. Hifadhi hii haina simba, lakini nyati na fisi wapo, na asubuhi tulikuta kinyesi kibichi cha nyati hatua chache kutoka tulipoegesha gari. Chakula chote kilale garini, milango imefungwa, maana nyani wanajua kabisa mfuko wa mkate unafananaje.

Alfajiri, bado giza, ukaanza mngurumo kutoka msituni, mzito, unajibiwa huku na kule. Mkubwa akanishika mkono: "Mama, si ulisema hakuna simba?" Askari aliyekuwa nje akamsikia. "Hao ni mbega, mwanangu, wanaamshana." Kulipokucha akatuonyesha juu ya mti, weusi wenye mikia mirefu myeupe, akamweleza kwamba mbega hana kidole gumba. Mwanangu alishinda akijaribu kushika kila kitu kwa vidole vinne.

Kwa chakula sikuhangaika: machalari nilipika nyumbani nikayapasha kwenye jiko dogo la gesi, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi. Wasiopenda baridi waende Septemba au Oktoba. Machi hadi Mei ni masika, na hema lililolowa na mtoto mdogo ndani yake sikushauri. Sisi tunarudi Desemba shule zikifungwa, na mifuko ya watoto tayari nimenunua yetu.