Podikasti ya bure iliyoniokoa na sapu, yani kurudia mtihani, ya falsafa (nusu tu, nitaelezea)

Niseme mapema mimi sio mtu wa falsafa. Historia ya falsafa ya Magharibi niliichukua mwaka wa kwanza kwa sababu kozi niliyoitaka ilikuwa inagongana na nyingine kwenye ratiba, basi nikajikuta humo. Chuo sikitaji. Madesa yenyewe, yani noti za kozi, yalikuwa kopi ya kopi kutoka steshenari ya nje ya geti, ukurasa mmoja nusu yake imemezwa na kivuli cheusi, na bahati mbaya hapo ndo Aristotle, yule mwanafalsafa Mgiriki wa kale, anaelezea zile sababu zake nne. Ukifungua ukurasa unaofuata, tayari uko kwa Descartes, Mfaransa wa karne ya 17. Aristotle kafa 322 KK, kitabu cha Descartes tulichokuwa tunakisoma kimetoka 1641, yani karibu miaka 2,000 hamna kitu. Nikanyoosha mkono nikamuuliza lekchara hapo katikati watu walikuwa wanafanya nini, akajibu "dini", darasa likacheka, tukaendelea.

Sasa kaka mmoja wa mwaka wa tatu ndo akaniambia kuna podikasti inaitwa History of Philosophy Without Any Gaps, ya profesa Mmarekani Peter Adamson anayefundisha Munich, Ujerumani. Hiyo "without any gaps" ni kwamba haruki mtu, anaanza na Thales, Mgiriki anayehesabiwa mwanafalsafa wa kwanza, anashuka nao mmoja mmoja. Kaanza 2010 na mpaka leo anaendelea. Episodi moja ni kama dakika ishirini hivi, hulipii chochote, mimi nilikuwa napakua nyingi kwa mpigo kwa waifai ya maktaba ili bando langu lipumzike. Kwenye daladala kutoka Gongo la Mboto mpaka Posta kwa foleni ya asubuhi zinaisha tatu, siku mvua imenyesha hata tano.

Anavyoongea ndo kilichonishika. Hakusomei slaidi. Kwa mfano Thales kwenye madesa yetu alikuwa mstari mmoja tu, "alisema asili ya vyote ni maji", unakariri unasonga, wala hujui kwa nini mtu mzima aseme hivyo. Hapa unaambiwa jamaa alikuwa wa Mileto, pwani ya Uturuki ya leo, kwamba maandishi yake hayapo, tunayemtegemea sana ni Aristotle aliyekuja zaidi ya miaka 200 baadae, kwa hiyo hata huo mstari uuangalie kwa jicho la pembeni. Nikajisikia kama nimeibiwa ada kule darasani. Mifano yake ana ugonjwa wa twiga, kila kitu twiga, mi nikasema basi huyu wa kwetu. Ila Kiingereza chake kina utani mwingi wa maneno na waigizaji wa filamu za zamani huko, mwingine ulinipita kabisa, usijione mjinga.

Utamu wenyewe upo kwenye ile miaka 2,000. Kumbe Adamson fani yake hasa ni falsafa ya Kiarabu, ndo maana akifika Baghdad anatulia. Unasikia jinsi vitabu vya Wagiriki vilivyotafsiriwa kwa Kiarabu, halafu Ibn Rushd wa Kordoba, Hispania ya leo, anamfafanua Aristotle mpaka Wazungu wa enzi za Thomas Aquinas, mtawa wa karne ya 13, wakawa wanamwita tu "Mfafanuzi", hawana haja ya jina. Na Ibn Sina, daktari na mwanafalsafa wa Uajemi aliyefariki 1037, ana lile fumbo la mtu anayeelea: chukulia umeumbwa ghafla hewani, huoni, husikii, viungo vyako havigusani, je utajua kwamba upo? Yeye anasema ndio, utajua, kwa hiyo nafsi sio mwili. Mi nilikuwa nimesimama nimeshika bomba, nimebanwa huku na huku, nikafumba macho nijaribu kuelea, konda akanigonga bega "dada nauli". Lakini kuanzia siku hiyo Descartes na "nafikiri kwa hiyo nipo" yake nikamuelewa, na nikawa najua kuna mtu kapita karibu na hapo miaka 600 kabla yake. Bonasi ni kwamba kuna mfululizo wa falsafa ya Afrika pia, aliufanya na mwanafalsafa mwenzake Chike Jeffers, humo utamkuta Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekuwa anawafuata wazee wenye hekima vijijini kuwahoji. Darasani hatukuwahi kumsikia.

Sasa kwa nini nimesema nusu. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikaja, swali la lazima: Kant na Hume, wanafalsafa wa karne ya 18, alama 20. Mi nimejaa Baghdad na watawa wa karne ya 13, na podikasti mpaka naandika hapa Kant hajafikiwa, miaka zaidi ya kumi hiyo! Ukiwa na mtihani wiki ijayo hii kitu itakuchelewesha, usije ukasema hukuambiwa. Kant nilimsoma usiku mbili kwenye Stanford Encyclopedia of Philosophy, ensaiklopidia ya falsafa, nayo ni bure, ipo mtandaoni toka 1995, ila makala zake ni ndefu na nzito kama ugali wa jana, unasoma aya moja mara tatu. Nikapata C. Sapu nimeikwepa, namshukuru Mungu.

Nyota nne. Kwa anayeanza, usianze na Thales ukajilazimisha kufuata namba, utachokea kwa wale wa kabla ya Socrates wenye majina magumu. Anza na za Socrates, zikikunasa rudi nyuma, halafu rukia Ibn Sina. Na earphone zako ziwe nzima zote mbili, mi moja ilikufa katikati ya episodi ya Plotinus, mwanafalsafa mwingine wa kale, na mvumo wa injini ya daladala na Plotinus kwa pamoja, hapana kwa kweli.