Mabuu makavu ya kulisha kuku, Bukavu: ni mazuri, ila si kwa bei ya sambaza

Mfuko huu unauzwa Bukavu kuchukua nafasi ya sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) za kusaga kwenye provande, yaani chakula cha kuku cha kuchanganya. Ndani yake ni mabuu ya nzi mweusi, Hermetia illucens, yaliyolishwa machicha ya bia na maganda ya mboga. Rangi ni kahawia ya kungʼaa, na hilo ni jambo zuri sana: yalivunwa kabla ya kugeuka meusi. Yakishakuwa meusi, ngozi huwa ngumu na tumbo la kuku halisagi vizuri.

Kasoro ni ukaushaji. Buu kavu ukilikunja linakatika kwa mlio. Hapa ya juu yanakatika, lakini ya chini ya mfuko yanapinda tu na kuacha mafuta vidoleni. Maji yakipita asilimia 10, ukungu hauchelewi, hasa majira ya mvua. Tena karibu theluthi ya buu ni mafuta, nayo huchacha. Ukinusa harufu kama ya mawese ya zamani, rudisha mfuko. Kama yamelegea tu na hayanuki, yakaange pole pole juu ya makala hadi yakatike, kisha yafunge vizuri.

Sasa bei. Sambaza safi zina protini karibu asilimia 60, mabuu karibu 40. Basi kilo ya mabuu isipite theluthi mbili za bei ya kilo ya sambaza. Muuzaji anadai bei ileile, na hapo hatukubaliani naye. Ila pima sambaza zako kwanza: tia kijiko cha unga wake katika glasi ya maji. Mchanga ukitulia chini, unalipia mchanga, na mabuu yanashinda.

Kwa kilo 100 za chakula cha kuku wa mayai: mahindi kilo 56, turto (mashudu) ya soya 18, pumba ya ngano 9, chokaa ya mifugo 8, mabuu 7, unga wa mifupa 1, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na chumvi pamoja 1 (chumvi isizidi gramu 300). Inatoa protini kama asilimia 17. Kwa kuku wa nyama chokaa ishuke sana, maana hawahitaji kalsiamu nyingi kama wa mayai, na mabuu yenyewe tayari yanayo. Usiyapandishe zaidi ya kilo 10. Mafuta yakizidi, mavi yanalainika na matandiko yanalowa. Vifaranga wasagiwe, na badilisha chakula kidogo kidogo kwa siku 7.