Kinga ya meno ya kupimiwa: eti nitazoea

Hasira hii nimekaa nayo tangu msimu uliopita. Anayetaka kujua kinga za meno, zile za plastiki wanazovaa wachezaji mdomoni, zina rangi gani na saizi gani atazikuta kokote. Mimi naeleza jinsi unavyoweza kulipia kitu kilichopimwa mdomoni mwako, ukapewa kisichokukaa, kisha ukaambiwa mbaya ni mdomo wako.

Nacheza mpira wa kikapu, na ndiye ninayepanga mashambulizi. Kazi yangu uwanjani nusu ni mikono, nusu ni sauti. Kwa muda mrefu nilitumia zile kinga za kuchemsha majini na kuziuma zikiwa bado laini. Ni afadhali kuliko kucheza mdomo mtupu, hilo sibishi. Ila yangu ilibidi niibane kwa meno muda wote isidondoke, na nikitaka kumwita mwenzangu niiteme kwanza mkononi. Ndiyo maana wengi huishia kuzichomeka kwenye soksi, na yangu ilishinda humo mara nyingi vilevile.

Kisha mwenzetu akapigwa kiwiko kwenye kugombea ribaundi, jino la mbele likatoka lote na mzizi wake. Kwa bahati aliyekuwa benchi alijua la kufanya: alilishika upande wa kutafunia, hakugusa mzizi, hakulisugua, akalitumbukiza kwenye maziwa na wakatoka mbio kwa daktari. Jino la mtu mzima likiwahiwa ndani ya nusu saa hadi saa moja lina matumaini, na lile lilirudishwa, hadi leo analo. Lakini mimi nilishaona shimo lile la damu. Wiki hiyohiyo nikaenda kliniki kupimiwa kinga yangu.

Kupima kulikwenda vizuri. Unawekewa kijisinia chenye uji mzito wa alijineti, unapumua kwa pua mpaka ugande, basi. Alama yake humwagiwa plasta, ikatoka sanamu ya meno yako, na juu ya sanamu hiyo hupashwa moto kipande cha plastiki laini na kuvutwa mpaka kilalie kila jino. Kwa hiyo unacholipia si plastiki, maana plastiki yenyewe ni ileile ya zile za kuchemsha. Unalipia kukaa kwake. Shikeni neno hilo, kwa sababu fundi wa pale hakulijua au alilipuuza.

Siku ya kuchukua, alinikabidhi kinga juu ya kaunta ndani ya mfuko wa nailoni. Hakunikalisha kwenye kiti, hakuniambia nifungue mdomo. Nikaivaa mwenyewe nikiwa nimesimama kwenye foleni. Upande wa kushoto ilipwaya. Ukingo wake ulikuwa unakata pale juu kabisa, kwenye ule uzi wa nyama unaoshika mdomo na ufizi. Nikiuma, magego ya kulia tu ndiyo yanagusana. Nikamwambia. Hakuinua macho kwenye simu yake.

“Utazoea, dada.”

Nikamwambia inakata ufizi. Akasema, “Basi ufizi wako ndio wa ajabu. Wenzako wote wanavaa na hawalalamiki.” Nilipoendelea kusimama pale akaongeza, watu wakisikia, kwamba anayeogopa kuumia akae nyumbani asicheze. Na nilipouliza nitaisafisha vipi, akaniambia niimwagie maji ya moto. Maji ya moto! Kinga iliyoumbwa kwa joto inaharibika umbo kwa joto. Inaoshwa kwa maji baridi na mswaki, inakaa kwenye kiboksi chenye matundu ipate hewa, na haiachwi juani. Fundi wa maabara ya meno hajui hilo?

Nikacheza nayo hivyohivyo. Mechi ya kwanza tu nikatoka na kidonda ufizini, chakula kikawa kazi. Kila nikipaza sauti ilishuka ikagonga ulimi. Nyumbani nikaiinua kwenye mwanga wa taa, nikaona kitu kilichonitisha kuliko kidonda: mbele, pale penye meno yanayopigwa, ilikuwa nyembamba kiasi cha kuona vidole vyangu upande wa pili. Baadaye ndipo nikaelewa kwa nini. Kipande kimoja cha plastiki cha milimita 3 kikivutwa juu ya meno hutanuka, na kinapotanuka zaidi ni kwenye ncha za meno ya mbele. Kinaanza na 3, kinabaki na nusu yake au zaidi kidogo. Fundi makini hulijua hilo na huongeza tabaka. Huyu alivuta mara moja, akakata kwa mkasi, akaita mteja anayefuata.

Niliporudi alichukua mkasi uleule pale kaunta na kuanza kupunguza ukingo kwa kukisia, bila kunitazama mdomoni. Nikamkatalia. Sauti zikapanda, na ndipo daktari mwenyewe akatoka chumbani kwake.

Na hapa lazima niseme ukweli wote, ingawa unanivurugia hasira. Yule daktari ni mtu mzima, mpole, na anaijua kazi yake. Alinikalisha. Aliniwekea karatasi ya rangi katikati ya meno, akaniambia niume, akanionyesha kwenye kioo: upande wa kulia madoa, upande wa kushoto hakuna kitu. Akapima unene wa mbele, akatikisa kichwa. “Mwanangu, hii usiivae tena,” akasema, na akaanza upya mwanzo hadi mwisho: vipimo vipya, matabaka mawili yaliyogandamizwa kwa shinikizo, ukingo uliochongwa kuupisha ule uzi wa nyama, na mwisho akaipasha joto kidogo nikauma taratibu ili meno ya chini yaikute pande zote mbili sawasawa. Hakunidai hata shilingi ya kuongeza.

Hii ya pili ni kitu kingine kabisa. Nafungua mdomo wote na haishuki. Naongea, nakunywa maji, naita majina ya wachezaji na wananisikia. Kuna mechi bega la mtu lilinijia usoni kwa nguvu zote, midomo ikafura, meno hayakutikisika hata moja. Sisemi inalinda ubongo, ingawa dada wa mapokezi aliniahidi hivyo. Kazi yake ni meno, midomo na taya, na kazi hiyo inaifanya. New Zealand walipowalazimisha wachezaji wa raga kuvaa kinga, madai ya fidia za meno yatokanayo na raga yalipungua kwa asilimia 43 kati ya 1995 na 2003. Mimi naamini, na kama unacheza mchezo wowote wenye viwiko, vigongo au ngumi, usingoje jino lidondoke.

Kwa sababu hiyo nilikuwa tayari kuandika nyota nne. Nilisema daktari ameyafuta yote.

Lakini siku niliyokwenda kuchukua hiyo ya pili nilimkuta mvulana na mama yake kaunta. Mvulana ana waya za meno, na fundi yuleyule anampa kinga ndani ya mfuko uleule wa nailoni. Mtoto anasema inambana, haiingii vizuri. Mwenye waya anatengenezewa kinga yenye nafasi, kwa sababu meno yake yako safarini, kila mwezi yamesogea. Kinga inayoyabana inapingana na kazi ya waya, na pigo likija, waya ndio unaochana mdomo kwa ndani. Mtoto yule hakuwa na maneno ya kueleza hayo. Na fundi, bila kuinua macho, akamwambia: “Utazoea.”

Mimi ni mtu mzima, naweza kugomba. Mtoto wa watu je? Nilimwambia mama yake asiondoke mpaka daktari amwone, na fundi akaniuliza mimi inanihusu nini. Hakuna aliyeniomba radhi, wala mara ya kwanza wala siku hiyo. Daktari alirekebisha kinga yangu lakini fundi alimwacha palepale kaunta aendelee, na hilo ni lake yeye daktari, upole wake wote pamoja.

Nyota moja. Ukilazimika kwenda, usiikubali kinga juu ya kaunta. Kaa kwenye kiti, ijaribiwe kwa karatasi ya rangi, ipimwe unene mbele ya macho yako, uongee nayo mdomoni kabla hujatia sahihi. Wakikuambia utazoea, iache hapohapo na udai fedha yako.