Riwaya ya kwanza ya rafiki yangu, na nimeinunua kwa pesa yangu

Niseme mapema: mwandishi ni rafiki yangu tangu tunacheza kombolela Ngamiani, Tanga. Alitaka kunipa nakala ya bure, nikakataa. "Shoga, ukinipa bure nitaisifu bure." Nikatoa shilingi 15,000 kama wengine.

Uzinduzi ulikuwa uani kwa mama yake. Jamvi, kahawa, kashata, na maboksi mawili ya vitabu yaliyofika juzi yake. Akasoma kurasa nne tu. Riwaya inahusu familia inayoishi kambini kwenye shamba la mkonge miaka ya 1950, enzi za manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani. Mume anakata majani, bibi yuko kwenye korona, ile mashine inayokamua majani mpaka zibaki singa, yaani nyuzi.

Nimeisoma kwenye basi la kwenda Dar es Salaam. Mkonge wenyewe unauona dirishani njia ya Muheza, umejipanga mistari. Abiria wa pembeni alikuwa akichungulia kimyakimya, tulipopita Segera akanishika mkono: "Dada, usifunue kwanza, sijamaliza." Tangu hapo tukasoma wawili, mimi nikimsubiri.

Nilichopenda zaidi ni mazungumzo. Wahusika hawahutubiani. Bibi anajibu swali kwa swali, na matusi yake ameyafunga kwenye mafumbo, unacheka ukiwa umeshafika ukurasa unaofuata. Harufu ya maji ya korona (aliyewahi kupita karibu anaijua) imeandikwa kwa sentensi mbili, nami nikaziba pua.

Kasoro zipo. Sura ya tano inaeleza jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoleta miche ya mkonge mwaka 1893. Ni kweli, lakini imekaa kama daftari la somo la historia, na bibi anapotea kurasa kumi nzima. Mimi nilimtaka bibi. Herufi zimerukwa hapa na pale, na gundi ya nakala yangu imeachia: karatasi yenye ukurasa wa 61 nimeichomeka tu.

Kosa jingine aliliona mzee mmoja aliyekulia kambini, palepale uani. Katika kurasa zilizosomwa, mume anapokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mzee akanyoosha mkono.

"Mwanangu, kipande, ile kadi ya kuandikia siku za kazi, hakikuwa mwezi. Kilikuwa siku thelathini za kazi. Siku uliyougua haiandikwi. Baba yangu kipande kimoja kilimchukua siku hamsini."

Watu wakanyamaza, mama mwenye nyumba akajifanya anapanga vikombe. Nikadhani rafiki yangu atanuna, namjua. Akaomba kalamu, akafungua nakala yake mpya, akaandika pembeni mwa ukurasa. Kisha akasogea kwenye jamvi karibu na mzee.

"Na hizo siku ishirini, babu, mlikuwa mnakula nini?"