Stendi ya sinthesaiza: nimelipia mninga, natumia boksi

Nianze na haki yake: mbao ni nzuri. Mninga mtupu, umepigwa msasa mpaka unateleza mkononi, pembe zimeungwa kwa ulimi na tundu, huoni kichwa cha msumari popote kwa mbele. Vanishi imetulia, haina hata tone lililoganda. Kila anayeingia chumbani kwangu anauliza nimeinunua wapi. Na hapo ndipo hasira inanipanda upya kila mara, kwa sababu stendi nzuri namna hii, sinthesaiza (ala ya umeme ya kutengenezea sauti za muziki) niliyoagizia iwekwe juu yake haiwezi hata kuwashwa ikiwa imekaa mahali pake.

Wenye hizi mashine ndogo za mezani wananielewa. Mimi nina sinthesaiza tatu: Volca mbili za kampuni ya Korg, na JU-06 ya kampuni ya Roland. Zikilala bapa mezani unafanya kazi umejikunja, shingo inakauka, maandishi ya chini ya nobu, vile vishikio vya kuzungusha, huyasomi, na ile iliyo nyuma unaipapasa tu kwa vidole. Zinatakiwa ziinuke zikutazame usoni, na ya nyuma ikae juu zaidi ya ya mbele. Roland wenyewe wanalijua hilo. Hizi za Boutique, jamii ya hiyo JU-06, walianza kuzitoa mwaka 2015, na wametengeneza na kitako chake, DK-01, cha kuziinua. Lakini kitako kile ni cha mashine moja ya kampuni moja, na ukikiagiza nje, ukajumlisha usafiri na ushuru, hela hiyo unapata ubao wa kutosha stendi ya mashine zote. Kwa nini nisimpe kazi fundi wa hapa hapa Dar?

Nikampelekea fundi samani mmoja anayesifika kwa makabati. Sikwenda na maneno matupu. Nilichora kwenye karatasi kubwa, vipimo halisi, picha ya ubavuni na picha ya nyuma. Kwenye ile ya nyuma nikaandika WAZI kwa kalamu nyekundu. Nikamweleza na kwa mdomo: fundi, huku nyuma pasizibwe, mashine hii kila kitu kinaingilia nyuma. Waya wa umeme ni wa USB, unaingia nyuma. Waya za MIDI, zile za kuziunganisha mashine zipeane maelekezo ya noti, nyuma. Sauti inatokea nyuma. Akasema "sawa, sawa, nimekupata." Akachukua advansi.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka, mvua za vuli zimeshaanza, niliporudi kuichukua. Nyuma pote kumezibwa kwa plaiwudi. Gundi, halafu misumari juu ya gundi. Nikauliza, fundi, mbona pamezibwa? Akajibu huku anaendelea kuranda ubao wa mtu mwingine: "Kazi bila mgongo haina heshima. Na vumbi je?"

Ningeweza kuelewa hata hapo. Mtu amezoea makabati, mkono unakwenda ulikozoea. Nikamwomba kwa adabu zote, maana ni mtu mzima, nilimwamkia shikamoo nilipofika na bado nilikuwa namwita mzee. Nikamwambia, basi mzee, tuitoboe. Akachukua drili, akatoboa matundu matatu yamepangana vizuri, kila moja unene wa waya. Waya! Sasa waya wa MIDI kichwani una plagi ya duara ya pini tano, nene kama kidole gumba. Haipiti. Nikaitoa mfukoni, nikamwonyesha, nikaisogeza pale kwenye tundu aone kwa macho yake kwamba haipiti.

Alichonijibu sitakisahau. "Kata waya, upitishe, halafu unga na solotepu. Kijana mzima unashindwa kuunga waya?"

Nikamwambia waya huu haukatwi. Akaweka randa chini, akawageukia vijana wake wanaojifunza kazi, akasema kwa sauti ya kusikika na mtaa wa pili: "Vitoto vya vinanda hivi. Vinakuja na michoro kama mainjinia." Wakacheka. Halafu akanidai iliyobaki yote, na mzigo hautoki mpaka nilipe. Nililipa, kwa sababu mbao zile nilizichagua mwenyewe na nilizitaka.

Sitaki mtu aniambie mafundi ndivyo walivyo. Sivyo walivyo. Fundi aliyemshonea mama yangu magauni miaka yote alikuwa akiuliza hata mama atakaa upande gani wa gari kabla ya kukata kitambaa. Kuuliza ni sehemu ya ufundi. Mtu anayekuletea mchoro amekurahisishia kazi, na huyu aliuchukua mchoro wangu akaukalia. Kweli aliukalia, niliuona kwenye benchi lake chini ya mto.

Nilichofanya nyumbani ndicho hasa nataka mkichukue. Jirani alikuwa ametupa boksi la friji, lile gumu la tabaka mbili. Nikakata mbavu tatu za pembetatu, na nikahakikisha ile mistari ya ndani ya boksi inasimama wima, maana ikilala ubavu unapinda ukiwekewa uzito. Mteremko nimeweka digrii 30, na kipimo chake ni rahisi: nyuma inainuka kwa nusu ya urefu wa ule ubao wa mteremko. JU-06 ina kina cha karibu sentimita 13, kwa hiyo nyuma nikainua sita na nusu. Nikakata vipande viwili vya kupita kwenye mbavu. Kila kipande kina mpasuo hadi nusu ya kimo chake, mbavu zimepasuliwa kutoka juu, vya kupita vimepasuliwa kutoka chini. Vinavaana vyenyewe, havitaki msumari. Mbele nikaacha ukingo wa sentimita moja wa kuzuia mashine isiteleze. Usiuzidishe ukingo huo, utakuzuia kufika kwenye vitufe.

Volca zina tabia nyingine. Tundu la MIDI liko usoni, upande wa juu, kwa hiyo plagi inasimama juu ya mashine. Ngazi ya nyuma isiifunike ya mbele. Acha vidole vinne hivi, plagi ikae na mkono wako upite. Boksi lote nikalipaka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, likikauka linakaza na unyevu wa Dar haulilegezi haraka. Chini nikabandika vipande vya soli ya ndala. Haisogei hata nikizungusha nobu kwa fujo. Na nyuma ni wazi, waya zote zinapita, nachomeka na kuchomoa bila kushusha kitu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kumpa fundi yule nyota tatu kwa ajili ya ile mninga, maana kuunga mbao anajua, na mwenye kutaka kabati la vyombo atapata kabati. Lakini kadiri ninavyoandika naona naipendelea mbao, siyo yeye. Mninga ulikuwa mzuri kabla haujafika kwake. Maungio ni kazi yake, hilo silikatai, basi nyota moja kwa maungio. Iliyobaki sitoi, na kama ukienda kwake au kwa mwingine wa aina yake, nenda na waya wenyewe mkononi, uupitishe kwenye tundu yeye akiwa anatazama, kabla hujatoa salio. Mimi plaiwudi ile ya nyuma naing'oa mwenyewe wikiendi ijayo, hata mninga ukichubuka.