Saraka mbili za tovuti: moja ilinikubali haraka mno

Nina tovuti ndogo ya kufundisha matengenezo ya baiskeli: kuunga mnyororo, kunyoosha rimu, mambo hayo. Nikaamua kuiandikisha kwenye saraka mbili, yaani orodha za tovuti zilizopangwa kwa mada.

Ya kwanza nililipia. Nikajaza fomu, nikabonyeza, na kabla sijafunga ukurasa barua pepe ikaingia: umekubaliwa! Furaha ilidumu kama dakika kumi hivi. Nilipokwenda kuangalia wameniweka wapi, nikajikuta kwenye kundi la "Mengineyo". Juu yangu kasino, chini yangu mikopo ya chapuchapu, halafu kasino nyingine. Nikajaribu viungo kumi vya ukurasa ule: vinne havifunguki, kimoja kinaishia kwenye kikoa (anwani ya tovuti) kinachouzwa. Maelezo yangu yalikuwa vilevile nilivyoyatuma, mpaka pale nilipokosea nikaandika "baisikali". Hakuna binadamu aliyeyasoma.

Na kiungo chenyewe hakina faida. Google inavihesabu viungo vya saraka hafifu za aina hii kuwa viungo taka (spam), kwa hiyo anayejiandikisha humo ili apande kwenye matokeo ya utafutaji anatupa pesa.

Ya pili ni ya bure, ya wahariri wa kujitolea. Huko nilisubiri wiki tano, nikaisahau. Kisha mhariri akaniandikia kwamba nilikosea kuchagua "Michezo", na amenihamishia kwenye ufundi, chini ya baiskeli, chini ya matengenezo. "Tovuti bora kabisa" niliyojisifia nayo ameifuta, akaweka mstari mmoja: "Mafunzo yenye michoro kwa anayetengeneza baiskeli yake mwenyewe, hayahitaji kujisajili." Kusema kweli iliniuma. Ila mstari ule unaushinda wangu, na nimeshauiba, uko kwenye ukurasa wangu wa mbele. Majirani zangu humo ni tovuti saba tu, zote zinafunguka, na mbili sikuwahi kuzijua ingawa hii ndiyo kazi yangu.

Ndivyo Yahoo ilivyoanza mwaka 1994, Jerry Yang na David Filo wakipanga viungo kwa mkono. Saraka ya DMOZ ya 1998 ikafuata kwa wahariri wa kujitolea, na Google yenyewe iliwahi kutumia orodha yake. Saraka ya Yahoo ilifungwa 2014, DMOZ 2017. Siilii sana DMOZ, maana watu walikaa miezi bila jibu. Wala kulipia si dhambi: Yahoo ilitoza tovuti za biashara dola 299 kwa mwaka, lakini pesa ile ilikuwa ya kukaguliwa, na ungeweza kukataliwa usirudishiwe kitu. Hii yangu sidhani kama imewahi kumkataa mtu.

Ya bure naipa nyota nne, moja nimeikata kwa zile wiki tano. Ya kulipia, nyota moja. Muda wangu huko unaisha mwezi ujao na wameshanitumia vikumbusho vitatu vya kulipa. Kitufe cha kujiondoa bado nakitafuta.