Injini nzuri, shafti ya tepa, na roto iliyouzwa kama chakavu

Injini yenyewe haina kosa. Nalisema hilo mapema, maana hasira itakayofuata inaweza kumfanya mtu adhani niliuziwa kimeo. Ni dizeli ya silinda moja, ya kupozwa kwa hewa, ya yale majenereta ya fremu ya mabomba. Upande wa umeme uliungua zamani, ikauzwa injini peke yake kwa bei ya kutupa, nami nikainunua niipe kazi nyingine. Inawaka mvuto wa pili wa kamba, na moshi mweupe unakatika ikipata joto. Kwa injini tu ningetoa nyota nne bila kujiuliza.

Natoa mbili. Kisa ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole, kile kinachotokeza upande ambao jenereta ilikuwa imefungwa.

Injini hizi hutoka na shafti za namna mbili. Iliyokusudiwa pampu au mashine nyingine ina shafti iliyonyooka yenye mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachozuia puli isiteleze: unachomeka puli, unagonga kii, unakaza skrubu, unaondoka. Ya jenereta huwa na shafti ya tepa, imechongoka kama karoti, laini tupu, haina kii, na kwenye pua yake kuna tundu lenye nyuzi za skrubu. Roto, yaani sehemu ya jenereta inayozunguka, ina tepa ya kike inayolingana nayo, na inavutwa ikae kwa bolti moja ndefu inayopita katikati ya roto nzima. Kinachobeba nguvu yote ni msuguano wa tepa mbili zilizobanana. Kwa hiyo puli ya dukani haikai pale, hata uisalie.

Nikauliza roto iko wapi. Muuzaji alikwisha ichana waya, akauza shaba, na chuma chake kikaenda kwenye mizani. Jibu lake, mbele ya watu: "Wewe unataka injini au unataka chakavu?" Kikafuata kicheko.

Sasa niseme kwa nini hilo chakavu lilikuwa na maana kuliko nusu ya mali aliyokuwa anauza.

Roto iliyoungua ina shafti yake ndani, na shafti hiyo tayari imechongwa tepa sahihi kutoka kiwandani. Unakata waya zilizobaki, unapeleka kwenye presi, unasukuma mabati ya roto yatoke, unabaki na shafti tupu ambayo inaingia kwenye injini bila mjadala. Fundi wa mashine ya kukereza anaiweka kati ya senta mbili, anaikata fupi, anasawazisha nje, anachonga mfereji wa kii. Imekuwa shafti iliyonyooka, kazi ya saa chache. Ila iangalie kwa makini, kwa sababu ina tundu la bolti katikati. Ukiikereza mpaka milimita 25 na tundu ni la 11, ukuta ni milimita 7 kila upande. Kii ya 8 kwa 7 inakula 4 kwenye shafti, unabaki na 3 tu chini ya mfereji. Hapo ndipo ufa unapoanzia. Iache 28 na ukuta chini ya mfereji unakuwa 4.5. Mil tatu za kipenyo, tofauti kubwa.

Bila roto, unachongesha kitovu kipya, yaani kipande kinachovaa shafti na kubeba puli, kuanzia chuma kibichi. Inawezekana, lakini usimwambie fundi "chonga tepa" halafu ukaenda kunywa chai. Pima kipenyo sehemu mbili kwa vernia, pima na umbali kati yake. Tuseme, kwa mfano tu, upande mpana umepata 35, mwembamba 25, na umbali ni 50: tofauti ya 10 kwa 50 ni moja kwa tano, na pembe ya kuweka kwenye mashine ni nusu ya pembe nzima, yaani digrii 5 na dakika 43. Wengi hukosea hapo hapo kwenye nusu. Wanaweka pembe nzima, kitovu kinagusa kwenye pua ya shafti tu, kinaonekana kimekaa vizuri kwa mkono, na mzigo wa kwanza kinateleza na kuila shafti.

Kipimo cha ukweli ni rangi. Paka shafti rangi ya bluu ya mafundi, nyembamba sana, au hata wino wa kalamu nene, chomeka kitovu, kisokote robo mzunguko, toa. Rangi ihamie kwenye angalau robo tatu ya uso wa ndani. Ikiwa ni pete nyembamba tu mbele au nyuma, rudisha mashineni. Kuna jambo jingine dogo linalowashinda hata wazoefu: kitovu kikishakaa, uso wake wa nje upite pua ya shafti kwa milimita 2 au 3. Ukiwa sawasawa na pua, washa, ile pete bapa ya chuma chini ya bolti, inakaa juu ya pua ya shafti, bolti inakaza mpaka mwisho, unadhani umebana, kumbe umebana pua na kitovu kiko huru. Washa iwe nene, bolti isiwe chini ya daraja 8.8, na ile ndefu ya asili usiitumie kwa kurundika nati na washa kama mishikaki.

Ushauri wa bure niliopewa na yule yule bwana, baada ya kicheko, ulikuwa "choma tu." Yaani toboa puli tundu la kawaida, gonga iingie, piga welding. Nitasema hapa kile ambacho sikumjibu. Chuma cha kranki, yaani shafti kuu ya injini, kikichomwa hivyo hivyo kinakuwa kigumu na chepesi kukatika kando ya mshono, na kitakatika kikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Joto linaua oili sili, ule mpira unaozuia oili kuvuja. Na ukiweka klampu ya ethi mbali, kwenye fremu, umeme unapita kwenye beringi na kuacha vidoti juu ya njia ya gololi. Siku beringi ikifa hutaweza kuibadilisha, kwa sababu puli haitoki tena. Nyota moja kwa ushauri. Hapana, sifuri.

Kwa hiyo ukikuta jenereta iliyoungua ikiwa nzima, inunue na roto yake, utoe mwenyewe. Fungua kifuniko cha nyuma, toa stata, ile sehemu ya waya isiyozunguka, toa bolti ndefu. Roto haitatoka, na hapo ndipo watu huchukua nyundo kubwa na kupinda kranki. Acha nyundo. Dondosha kwenye tundu fimbo ya chuma kigumu, nyembamba kuliko nyuzi za kranki ili isiziharibu, iwe fupi kuliko tundu. Mdomo wa nje wa roto ukate nyuzi za bolti nene zaidi. Ingiza bolti hiyo isukume fimbo, fimbo isukume kranki. Kaza mpaka mkono ukatae, kisha gonga kichwa cha bolti pigo moja kavu. Inaachia kwa mlio kama wa risasi, kwa hiyo roto iwe imefungwa kamba juu. Ni nzito na inapenda vidole vya miguu.

Baada ya shafti ndipo unaweza kuuliza injini ifanye kazi gani. Watu hufanya kinyume: wanaamua kwanza ni ya kusaga au ya gari, halafu wanakutana na tepa.

Chaguo langu la kwanza ni pampu ya maji ya kuzunguka. Gavana, yaani kidhibiti mwendo, ya injini ya jenereta imetengenezwa kushika mzunguko mmoja bila kuyumba, na pampu inataka hicho hicho. Tena unaweza kupunguza. Ukishusha kutoka 3000 hadi 2400, maji yanabaki asilimia 80, urefu wa kupandisha unabaki 64, lakini nguvu inayotakiwa inashuka hadi kama 51. Kama kisima si kirefu, unapata sehemu kubwa ya maji kwa nusu ya jasho, na kelele inavumilika. Unganisha moja kwa moja kwa kapulingi ya mpira. Angalia tu upande wa kuzunguka: nyingi ya injini hizi, ukizitazama kwa mbele ya shafti, huzunguka kinyume cha saa, maana yake pampu inayotazamana nayo lazima iwe ya kuzunguka kisaa ukiitazama upande wa shafti yake. Pampu ikizungushwa kinyume haigomi, na ndio ubaya wake. Inatoa maji kidogo kidogo, unalaumu injini, na kama panga lake limefungwa kwa nyuzi linajifungua lenyewe ndani.

Mkanda ni habari nyingine. Kranki ilitegemea roto iliyokaa kwenye mstari wake, nayo ilishikwa na beringi upande wa pili. Haikutegemea kuvutwa pembeni. Fanya hesabu: kilowati 5 kwenye puli ya milimita 80 kwa mizunguko 3000, mkanda unakimbia mita 12.6 kwa sekunde, nguvu ya kuvuta ni kama nyutoni 400, na ukijumlisha mvuto wa upande wa pili beringi inabeba mara mbili ya hiyo. Ni kama kumning'iniza mtu wa kilo 80 kwenye shafti. Puli ya 150 inapunguza mpaka karibu kilo 43. Usikimbilie ya 250 lakini, maana ukingo wake utafika mita 39 kwa sekunde na puli za chuma cha kusubu hazipaswi kufika huko, zinaweza kupasuka. Njia ya heshima ni shafti ya kati yenye beringi mbili za kusimama, imeunganishwa na injini kwa kapulingi, na puli zote zikae huko. Hapo mashine ya kusaga au msumeno unawezekana.

Kuchajia betri kwa alteneta za magari: wazo zuri, na hapa nakaribia kurudisha nyota ya tatu. Alteneta moja ya ampea 60 kwa volti 14 ni wati 840, na kwa ufanisi wake mdogo inaidai injini kama kilowati 1.5. Lakini huo ni mzigo wa kitoto kwa injini hii. Dizeli inayokaa masaa chini ya theluthi ya uwezo wake haipati joto. Mafuta hayaungui yote, ekzosi inatoa ute mweusi, ringi za pistoni zinagandamana, ukuta wa silinda unang'aa kama kioo na unaanza kula oili. Watu husema "naitunza, siipi kazi," kumbe wanaiua. Funga alteneta mbili, na shusha injini mpaka 2000. Kwa puli ya 140 kwenye injini na 65 kwenye alteneta zinapata mizunguko 4300, inatosha. Usishuke chini sana. Ile roto ilikuwa sehemu ya gurudumu zito la kutuliza mwendo. Ikishaondoka, injini ikienda pole inaruka kama mbuzi.

Gari au pikipiki ya matairi matatu? Hapana. Gavana itapigana na mguu wako kila kona.

Ukaguzi wa kununua ni wa dakika kumi. Chomoa kijiti cha oili unuse: oili ikinuka dizeli na imezidi alama, pampu ya dizeli au nozo inavuja ndani. Injini ikiwa inaunguruma legeza kifuniko cha oili. Ikipumua kama treni, ringi zimekwisha. Shika shafti uitikise juu na chini: ukisikia inacheza na kugonga hata kidogo, ondoka. Pitisha ukucha kwenye tepa. Mistari ya kahawia au michubuko ya mviringo maana yake kitu kilishateleza hapo, na hakuna kitovu kitakachoshika vizuri. Siku ya kwanza ya kuwasha baada ya kuibadilisha kazi, toa chujio la hewa na uwe na kipande cha ubao mkononi. Ikianza kujilisha oili yake na kukimbia, kufunga dizeli hakusaidii. Unaziba mdomo wa hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

Nikiiona inavuta maji nasema nyota tatu. Nikiangalia kitovu nilichochongesha mara mbili kwa sababu ya ile nusu ya pembe, narudi mbili. Na kama muuzaji wenu ana nyingine ambayo roto bado imo ndani, msimuulize habari ya roto. Nunueni "kwa ajili ya fremu."